Nani amlipe mlezi wa nasari? Jibu kwa mama wa Bwera

Mama mmoja wa Bwera, wilaya ya Kasese nchini Uganda, mwenyekiti wa kamati ya wazazi wa kituo cha watoto, ameuliza hivi: "Kituo chetu kiko ndani ya kiwanja cha shule ya msingi ya UPE, ule mpango wa serikali wa elimu ya msingi kwa wote. Mwalimu wa P.1, darasa la kwanza, analipwa na serikali. Mlezi wetu, anayefundisha nyuma ya ukuta huohuo, tunamlipa sisi wazazi, na mwezi tukikosa pesa tunampa maharage. Wazazi walioshindwa ada wanawapeleka watoto P.1 wakiwa na miaka 4. Ofisi ya elimu ya wilaya inasema hakuna fungu la nasari. Je, ni kweli serikali haina ruhusa ya kulipa, au viongozi hawataki tu? Na sisi tudai wapi?"

Mama, pokea salamu zangu, wewe na kamati yako. Ofisi ya elimu imewaambia ukweli kuhusu mshahara, lakini haikuwaambia yote. Mshahara wa mlezi umezuiliwa na sheria ya nchi, na hapo ofisa wa wilaya hana la kufanya hata akiwa na huruma kiasi gani. Lakini kuna mambo mengine ambayo wilaya inaweza kuyafanya mwaka huuhuu bila sheria yoyote kubadilishwa, na mnayo haki ya kuyadai. Nitaanza na hiyo sheria, kwa sababu watu wengi wanagombana na ofisa kumbe ugomvi wao uko Bungeni.

Sheria ya Elimu ya 2008 ndiyo inayotawala nasari, shule za msingi na sekondari. Inasema elimu ya awali, ya watoto wa miaka 2 hadi 6, itaendeshwa na watu au mashirika binafsi, na kwamba kuigharamia ni jukumu la wazazi au wale wanaomlea mtoto. Halafu inasema elimu ya msingi ni ya lazima kwa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, kwa miaka 7. Kwa hiyo mfuko wa serikali unafunguka mtoto anapofika darasa la kwanza. Kabla ya hapo hakuna mgao wa UPE kwa kila mtoto, hakuna mlezi kwenye orodha ya mishahara ya serikali, hakuna ruzuku ya kujenga madarasa ya nasari. Kile serikali ilichojiachia ni mamlaka: kuandaa mtaala, kutoa leseni, kusajili, kukagua.

Wala jambo hili halikutokea kwa kusahau. Tume ya Profesa William Senteza Kajubi ilichunguza elimu yote ya nchi kati ya 1987 na 1989, na serikali ikatoa uamuzi wake katika Waraka Mweupe wa 1992: nasari ibaki mikononi mwa watu binafsi, serikali isimamie ubora. Nchi ilikuwa imetoka vitani, hazina ilikuwa tupu, na kila shilingi ilielekezwa shule ya msingi. UPE ilipoanza 1997, idadi ya watoto shuleni iliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja. Watoto walisomea chini ya miembe. Katika hali hiyo sioni ni nani angepata nguvu ya kuzungumzia watoto wa miaka 4. Waliofanya uamuzi ule nawaelewa kabisa. Lakini ule ulikuwa uamuzi wa nchi iliyokuwa ikiokoa inachoweza, na leo bado tunaishi nao kana kwamba ndio mpango wa kudumu.

Katiba yenyewe haikatazi. Ibara ya 34 inasema mtoto ana haki ya elimu ya msingi, na jukumu hilo ni la Serikali na wazazi wa mtoto, wote wawili. Ni sheria ya 2008 iliyokata mstari na kuwaachia wazazi peke yao ile miaka ya mwanzo. Kubadilisha kifungu cha sheria ya kawaida hakuhitaji kura ya maoni wala kugusa Katiba. Kunahitaji muswada, wabunge, na cheti cha Wizara ya Fedha kinachoonyesha gharama. Hapo kwenye gharama ndipo mambo hukwama kila mara, na ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Umeandika kwamba wazazi walioshindwa ada wanapeleka watoto P.1 wakiwa na miaka 4. Hilo halipo Bwera peke yake. Nenda shule yoyote ya UPE kijijini, kaa nyuma ya darasa la P.1 asubuhi, utaona benchi la mbele wamekaa watoto ambao miguu yao haifiki chini. Ifikapo saa nne wawili watatu wamelala juu ya daftari. Mwalimu ana watoto mia moja na zaidi, anafundisha silabi, na wale wadogo hawajui hata kushika penseli. Mwisho wa mwaka hawakuelewa kitu. Wanarudia P.1. Wengine wanarudia tena, na kwenye rejesta wanaonekana kama wanafunzi wapya.

Sasa hesabu: kila mwaka mtoto huyo anapokalia benchi la P.1, serikali imemlipia. Imelipa sehemu ya mshahara wa mwalimu, imelipa nafasi darasani, imelipa mgao wa UPE, ambao kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka na baadaye ukapandishwa hadi kama 20,000. Maana yake serikali ya Uganda tayari inagharamia nasari. Inaigharamia ndani ya P.1, kwa mwalimu ambaye hakufunzwa kazi hiyo, kwenye darasa ambalo halikutengenezwa kwa watoto hao, na kwa njia inayomfundisha mtoto tangu siku ya kwanza kwamba shule ni mahali pa kushindwa. Mtu akikwambia hakuna pesa ya nasari, mwulize pesa ya kurudia P.1 inatoka wapi.

Na ingegharimu kiasi gani kufanya sawasawa? Uganda ina shule za msingi za serikali zaidi ya 12,000. Tuseme kila shule ipate mlezi mmoja wa mwaka ule wa mwisho kabla ya P.1, yaani topu klasi tu, alipwe kama mwalimu wa msingi wa ngazi ya cheti, ambaye hupata karibu shilingi laki tano kwa mwezi. Hiyo ni bilioni 6 kwa mwezi, bilioni 72 kwa mwaka. Bajeti ya taifa ya mwaka wa fedha 2024/25 ilikuwa trilioni 72 na kidogo. Ni shilingi 1 katika kila 1,000.

Sitaki hesabu hii ikudanganye. Sehemu kubwa ya trilioni hizo hurudi kwenye madeni, kwa hiyo pesa inayobaki mezani ni ndogo kuliko jumla inavyoonyesha. Mlezi mmoja hatoshi shule yenye watoto 80 wa topu klasi. Kuna madarasa ya kujenga, vyoo, mafunzo, na kiinua mgongo huko mbele. Hata ukizidisha mara tatu, bado ni pesa ambayo nchi inaweza kuipanga kwa awamu, ikianza na wilaya maskini zaidi. Huo ndio msimamo wangu: mwaka mmoja, ndani ya shule za UPE zilizopo, mlezi analipwa na serikali. Nikiambiwa tudai miaka mitatu yote kwa mara moja, beibi klasi mpaka topu, nitakataa, kwa sababu tutapata tangazo bila walezi.

Utauliza sera ziko wapi. Sera tunazo, na si mbaya. Wizara ya Elimu ilitoa sera ya malezi na makuzi ya watoto wadogo 2007, ikatambua vituo vya kutwa, vya nyumbani, vya jamii na nasari zenyewe. Mwaka 2016 ikaja sera ya pamoja chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, inayomfuata mtoto tangu mimba hadi miaka 8 na kuunganisha afya, lishe, ulinzi na elimu. Niliisoma kwa furaha, maana ndivyo mtoto alivyo. Hagawanyiki kwa wizara. Lakini sera haiwezi kuvunja sheria, na mhasibu wa wilaya halipi kwa sera. Analipa kwa fungu lililopitishwa na Bunge. Kila wizara ilibaki na bajeti yake, na kwenye safu ya nasari sheria ya 2008 ikaendelea kusema: wazazi. Kwa hiyo kazi kubwa ya sera hizo iliangukia mashirika ya wafadhili, na mradi wa mfadhili una tarehe ya kufungwa.

Kuna athari nyingine ya mfumo huu ambayo haizungumzwi vya kutosha. Anayelipa peke yake ndiye anayeamua kinachofundishwa. Kituo cha Taifa cha Kukuza Mitaala kilitoa mwongozo wa kujifunza wa watoto wa miaka 3 hadi 6 mwaka 2005. Unataka mtoto ajifunze kwa kucheza, kwa nyimbo, kwa kushika vitu, na kwa lugha anayoongea nyumbani. Ingia nasari nyingi mjini uone: mtoto wa miaka 4 amekaa wima akinakili sentensi za Kiingereza, na jioni anabeba kazi ya nyumbani. Mwenye nasari hakukosa kuusoma mwongozo. Anajua mzazi aliyetoa ada anataka kuona kitu, na kitu kinachoonekana haraka ni Kiingereza na daftari lililojaa. Tena shule nyingi binafsi za msingi humfanyia mtoto usaili kabla ya kumpokea P.1, kwa hiyo nasari inageuka maandalizi ya usaili. Mkaguzi angeweza kulizuia, lakini mkaguzi wa wilaya ana mafuta kidogo ya pikipiki na shule za UPE zisizohesabika. Nasari anaifikia mwisho, akiifikia. Mamlaka bila pesa hayafiki mbali. Huku kwenu Bwera, ambako mtoto anaongea Lukonzo nyumbani na Kiswahili sokoni Mpondwe, madhara ni makubwa zaidi, kwa sababu Kiingereza kile hakina pa kushika.

Na tuliona wakati wa korona mlezi ana kinga gani. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa zote Januari 2022, kipindi kirefu kuliko popote duniani. Mwalimu wa serikali aliendelea kupata mshahara wake, na ilikuwa haki yake. Mlezi wa nasari hakupata chochote, kwa kuwa ada ndiyo mshahara wake. Wengi waliingia kuuza chapati, kulima, kufua nguo za watu, na hawakurudi. Vituo vingine havikufunguliwa tena. Ujuzi wa kulea na kufundisha watoto wadogo ulipotea hivyo, na hakuna ofisi iliyowajibika kuurudisha.

Jirani zetu wamefanya vipi? Kenya, Katiba ya 2010 iliipa kaunti elimu ya awali, na tangu 2013 kaunti zimejenga madarasa na kuajiri walimu. Tatizo lao ni tofauti: kaunti moja inalipa vizuri, nyingine inamweka mwalimu kwenye mkataba miaka nenda rudi. Tanzania, sera ya 2014 iliingiza elimu ya awali katika elimu isiyo na ada, na utekelezaji ukaanza 2016, darasa la awali likiwa ndani ya shule ya msingi. Watoto wakafurika kuliko walimu. Ndiyo maana nasisitiza mlezi kwanza, tangazo la bure baadaye. Ukiondoa ada leo bila kumweka mlezi kwenye mshahara, utakuwa umemfukuza yule mmoja mliye naye.

Hapa nyumbani kuna mfano ninaoupenda. Mpango wa shule za awali za madrasa ulianzia Mombasa miaka ya 1980, ukaenda Zanzibar, ukafika Uganda 1993 kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Ulichukua akina mama wa mtaa, ukawafunza na kuwafuata darasani mwao kwa muda mrefu, na jamii ikasaidiwa kuweka mfuko wa akiba ili faida yake isaidie kituo baada ya mradi kuondoka. Unaonyesha jamii inaweza kuendesha kituo kizuri. Unaonyesha pia kwamba hata jamii iliyojipanga hivyo ilihitaji mtu wa kulipia mafunzo na ufuatiliaji. Mzigo huo mzazi muuza ndizi hauwezi.

Sasa mdai wapi.

Wilayani mna silaha ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, katika jedwali lake la pili, inapoorodhesha huduma za elimu zilizo chini ya wilaya, inataja nasari pamoja na msingi na sekondari. Kwa hiyo ofisa akisema nasari si kazi ya wilaya, mwonyesheni jedwali hilo. Sheria ya 2008 inasema nani anagharamia elimu hiyo. Haiiondolei wilaya wajibu wa kuisimamia. Mnaweza kudai ukaguzi. Mnaweza kudai walezi wenu waitwe kwenye mafunzo ya siku za likizo pamoja na walimu wa P.1. Mnaweza kudai wahudumu wa afya wafike kituoni Aprili na Oktoba, miezi ya siku za afya ya mtoto, watoe vitamini A, dawa za minyoo na chanjo zilizokosekana, maana hiyo ni huduma ambayo serikali tayari inaigharamia.

Na kwa kuwa kituo chenu kiko ndani ya kiwanja cha shule ya UPE, mna nafasi ambayo nasari ya pembeni haina. Tangi la maji na choo vikiombwa kama mradi wa shule, kupitia kamati ya usimamizi wa shule, vinaweza kuingia kwenye ruzuku ya maendeleo ya kaunti ndogo au ya wilaya kwa kufuata miongozo ya mwaka husika, na watoto wenu watavitumia. Ombeni tundu moja au mawili ya choo yawe madogo, ya kimo cha mtoto wa miaka 4. Linaonekana jambo dogo, lakini nimeona vituo ambavyo watoto hujisaidia nyuma ya darasa kwa sababu tundu la choo cha wakubwa linawatisha.

Wakati ni muhimu kuliko hasira. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti huwa imeshaiva zamani. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015, waraka wa mfumo wa bajeti, yaani rasimu ya mwanzo, unafika Bungeni kabla ya 31 Desemba, taarifa za wizara kabla ya 15 Machi, na Bunge linapitisha kabla ya 31 Mei. Mikutano ya parishi (ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji) na kaunti ndogo hutangulia hayo yote, na kongamano la bajeti la wilaya kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka. Ukienda na ombi lako Aprili, utapokelewa vizuri na hutapata kitu. Nendeni Agosti au Septemba, mwanzo kwa chifu wa parishi na mwenyekiti wa LC3, yaani baraza la kaunti ndogo, ombi liandikwe kwenye mpango wa parishi.

Suala la mshahara lipelekeni kwa mbunge wenu wa eneo na mbunge mwanamke wa wilaya, na mwombeni jambo moja tu: kifungu cha kugharamia elimu ya awali katika sheria ya 2008 kirekebishwe ili serikali iweze kulipa angalau mwaka mmoja kabla ya P.1. Mpeni na hesabu ya watoto wanaorudia P.1 katika shule yenu. Mwalimu mkuu anayo kwenye rejesta. Mwambieni pia wasiwasi huu: Sera ya Taifa ya Walimu ya 2019 inataka kila mwalimu, hata wa nasari, awe na shahada. Nia ni njema. Lakini mlezi akitakiwa kuwa na shahada na mshahara wake ukabaki kwa wazazi, ada itapanda na watoto wengi zaidi wataishia P.1 wakiwa na miaka 4. Mambo hayo mawili yaende pamoja au yasubiriane.

Kuhusu hao wa miaka 4, mama, nakuomba uongee na wazazi mmoja mmoja. Mtoto akae kituoni hata kama ada haijakamilika. Pangeni ada ifuate mavuno ya kahawa na siku za soko badala ya kudai yote mwanzo wa muhula, na maharage yapokewe na kuandikwa kwa bei ya soko kwenye daftari ili mlezi ajue amelipwa kiasi gani na anadai kiasi gani. Kama kituo hakina leseni, hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya barua yoyote. Ofisi haiwezi kupanga jambo kwa kituo ambacho kwenye karatasi zake hakipo. Kisha andikeni ombi la maji, choo na mafunzo kwenye ukurasa mmoja, liwe na idadi ya watoto kwa umri na sahihi za kamati zote mbili, ya wazazi na ya usimamizi wa shule, lipelekwe kwa mkono, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa irudi kwenye faili la kituo.